Kanga Mpya ya Bi Somoe

Kibiti

Mjukuu wangu, mume wangu Shabani,

Huku tu wazima, ila mafua hayajamwacha mama yako. Korosho zimeanza kuanguka.

Umesema ripoti yako ya chuo imekuwa nzito kwa picha na mtandao unaikataa. Yalinikuta na mimi, nilipokuwa mpiga chapa Ikwiriri, kompyuta ofisi nzima moja. Mafuriko yalikuwa yamechukua mpunga wa Mkongo, na bwana shamba alitaka ripoti ya kuomba mbegu iende Dar na basi la asubuhi ile. Diski ya kuibebea ikakataa, ripoti ilizidi kwa picha. Nikazivuta pembe za picha pale kwenye ukurasa mpaka zikawa kama stempu; ikakataa tena.

Bwana shamba akacheka. "Umelikunja turubai tu, Bi Zuhura, uzito uko palepale. Ipunguze kwanza picha yenyewe, ndipo uiweke."

Nikapunguza, nikapunguza tena kwa kuogopa kukosa basi. Diski ikapokea, na mbegu zikaja.

Siku ya kugawa mbegu, Bi Somoe, mkulima wa Mkongo, akaomba kuiona ripoti. Yeye alikuwa amevaa kanga mpya siku ile alipopigwa picha ya ripoti mbele ya dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga. Akaitazama sana.

"Dungu langu hili," akasema. "Na huyu aliyevaa kanga yangu, nani?"

Nikaitazama na mimi: kwa kule kupunguza, uso wake ulikuwa umebaki madoa tu. Punguza, mume wangu, lakini ifungue uitazame kabla hujatuma. Ukomee pale ambapo mtu bado anajijua.

Bibi yako anayekuwaza,
Zuhura