Mashine Imemwamini Mume Wangu

Kibiti, Jumanne, baada ya magharibi

Basi hajifanyi. Shemeji zangu walishikilia kwamba mume wangu anaigiza kusahau tangu aanguke na pikipiki. Nami niliomba iwe kweli, maana mwongo ningemgombeza mpaka achoke, anirudie.

Leo daktari amemvisha waya kichwani, akamwonyesha picha. Anasema ubongo wa anayejifanya hushtuka ukiona unachokijua, hata mdomo ukikana. Ilipokuja sura yangu, mistari ya mashine haikushtuka hata kidogo.

Miaka kumi na tisa ya ndoa.

Tuliporudi nikampakulia wali kwa kamba wa kwao Salale. Hakula. Alikuwa anatazama mlango tu.

"Dada," akaniambia kwa adabu, "mumeo anarudi saa ngapi? Si vizuri anikute humu ndani."