Hasira Inakaa Kooni

Nyumba ya Watawa wa Kibudha,
Zanskar

Mpendwa Dada Yangdol,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba kifua cha Jigmet kimepona. Mimi ni mzima, ila nimechoka, uchovu ule ambao hata ukiulalia unaamka nao. Njia imefunguka juzi tu, ndiyo maana umekaa bila habari zangu.

Baba alikuja huku. Najua umeshakunja uso, lakini nakuomba usiiweke barua chini. Kabla njia haijafungwa, madereva wa lori kutoka Manali walimshusha mlangoni petu, amezungushiwa blanketi, miguu imevimba, figo zimeharibika. Yule mwanamke ambaye baba alimfuata alipotuacha hakumtaka tena. Watawa wenzangu walinipongeza kwa kupata nafasi ya kumhudumia mzazi. Nilitabasamu. Moyoni nilitamani wangemshusha kwingine.

Dada, mimi ndiye ninayewafundisha watawa wapya kwamba hasira ni sumu, tamaa ni sumu, na kutoelewa mambo yalivyo ndiko kunakozizaa zote mbili. Nimeyasema mpaka ulimi umezoea. Lakini kila nilipomwinua kumbadilisha nguo, niliiona mikono ya mama ilivyopasuka kwa kuvunja mawe ya barabara ili tule, na vidole vyangu vikamkaza baba kuliko ilivyohitajika. Siku moja akalalamika, “Taratibu, binti, mimi si gunia la shayiri.”

Nikaenda kwa Ani Lhazom, mtawa mzee aliyenilea humu, nikamwambia nataka kuvua joho, sifai. Alikuwa anatia siagi kwenye chai, hata hakugeuka. “Nani kakwambia mtawa ni jiwe?” akasema. “Jiwe halikasiriki, ni kweli. Wala halijawahi kumhurumia mtu.” Akaniambia hasira ikija nisiifukuze wala nisiitandikie kitanda, niitazame tu inakaa wapi na inataka nini. Nikamjibu kwa ukali kwamba nimeshaitazama, inakaa kooni, na inataka baba aseme alitukosea. Akacheka mpaka akakohoa. “Basi leo umejua kuliko jana. Haya, mpelekee mzee chai.”

Nilijaribu, Dada. Kuitazama ilikuwa kazi kuliko kumbeba yeye. Asubuhi nyingine ilipungua nikaona kumbe chini yake pana huzuni tu, ya mtoto anayechungulia njiani kama baba anarudi. Asubuhi nyingine ilirudi mbichi kabisa, nami nikaanza upya.

Baba amefariki. Tulimchoma bondeni, na maombi yote yamesomwa kama inavyopasa.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ya mwisho macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Alinishika mkono akaniita Yangdol. Akauliza, “Yangdol, mama yako alikula nini baridi ile niliyoondoka?” Kabla sijajibu akasema, “Nilijua hamna unga. Nilijua, nikaenda.” Kisha akauliza kama umemsamehe.

Ningeweza kusema kwamba mimi ni Chuskit. Nilisema, “Nimekusamehe, baba.” Nilisema kwa jina lako, bila idhini yako, mimi niliyeapa kutosema uongo. Uso wake ukalegea, na kabla jua halijaondoka dirishani alikuwa amekwenda. Mimi hakuniulizia. Nadhani alipoondoka nilikuwa mdogo mno, akasahau kwamba tulikuwa wawili.

Ani Lhazom aliniuliza kama nilidanganya kwa huruma au kwa kuchoka. Ukikasirika, Dada, una haki. Kasirika, wala usijilazimishe kunyamaza kwa sababu mimi ni mtawa. Msamaha ule ulikuwa wako, nami niliutoa. Wa kwangu bado sijauona ulipo.

Mbusu Jigmet na dada yake kwa niaba yangu, na umwambie shemeji namkumbuka katika sala. Njoo wakati wa mavuno, ukiweza.

Mdogo wako akupendaye,
Chuskit