Siku Niliyokuita Jirani

Mama,

Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hai, na wewe nawe ukanificha upande wako. Jumamosi iliyopita niliusikia huo upande wako. Tangu hapo sijatulia, ndiyo maana naandika.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Chumba chako nalala mimi. Kuku wako wawili amewachukua Mwanasiti wa mlango wa pili, na kila asubuhi hunigongea, "Dama, umeamkaje?" halafu husimama kidogo, kama anayengoja uitikie wewe kutoka ndani. Kayamba lako, watu wa kwaya wamempa Mama Neema. Analipiga vizuri ila anakimbia mno. Ungekuwepo ungemkazia macho tu, akapunguza.

Mimi bado niko kwenye kazi ile ile ya taa na fataki. Ulikuwa ukiwaambia watu kanisani, "Dama wangu anaufundisha moto kucheza," nami naona haya, nakwambia, "Mama, sema tu ni fundi." Lakini ulieleza vizuri kuliko mimi. Muziki unapigwa, taa zinageuka rangi kwa mapigo yake, na fataki zinapasuka juu pale pale ngoma inapotua. Yote hupangwa kwenye kompyuta, sekunde kwa sekunde, kabla mtu hajaketi kutazama.

Onyesho la kwanza nililolipanga mwenyewe lilikuwa kwenye hoteli ile ya Nyali, ile uliyoifulia mashuka mpaka magoti yakakataa. Nilitaka ulione. Nikakwambia upande darini kwa kina Mwanasiti, kwamba kutoka hapa mtaani kwetu Ziwa la Ng'ombe utaziona fataki juu ya minazi, ila muziki hautafika. Ukasema, "Basi nitaona. Inatosha."

Haikukutosha, Mama.

Jioni ile nilikuwa kwenye meza ya mitambo, na wenzangu wawili waliotoka Nairobi, watu wa maneno mengi ya Kiingereza, nami najikaza nisionekane mshamba. Redio ya mkononi ikalia. Alikuwa Mzee Katana, askari wa getini, aliyeanza kazi pale baada ya wewe kuacha. "Dama, kuna mama hapa amekuletea chakula. Ni nani wako?"

Nilijua ni wewe. Nilijua ni wali na mbaazi za nazi, nilijua umelifunga bakuli kwa leso, nilijua hata ndara ulizovaa. Wenzangu wakanitazama. Mmoja akacheka, wala si kwa ubaya, akasema, "Watu wa Mombasa na chakula!" Nikabonyeza kitufe. Nikasema, "Ni jirani yetu tu. Mwambie nina kazi, arudi nyumbani."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimeyaandika kama yalivyonitoka, sikupunguza.

Bakuli lililetwa baadaye. Nikalisukuma chini ya meza. Onyesho likaanza saa tatu, watu wakapiga makofi, bosi akasema limependeza. Lakini mimi niliona kuna kitu hakikukaa sawa, nisijue ni nini.

Niliporudi ulikuwa umekaa kitandani, unasugua goti kwa mafuta. Habari ya geti hukuitaja. Nikakuuliza, "Umeona?"

"Nimeona. Ni zuri sana. Lakini ngoma inatua, taa zinatua nayo, moto unakuja nyuma. Kama mwimbaji aliyechelewa kuvuta pumzi."

Nikakaa kwenye kigoda. Kutoka darini kwa Mwanasiti ngoma haisikiki. Nikaelewa kwamba hukurudi nilipokufukuza. Ulisimama nje ya ukuta wa hoteli mpaka mwisho. Na wewe uliniona nikielewa. Ningeweza kusema hapo hapo, hakuna aliyenifunga mdomo. Badala yake nikauliza, "Unachelewa kiasi gani?"

Ukanyoosha mkono ukachukua kayamba. Ukapiga. "Hapa ndipo ngoma." Ukapiga tena. "Na hapa ndipo moto wako." Ukarudia mara nne, tano, bila kukosea. Halafu ukasema, "Taa ukiiwasha imewaka. Moto mpaka upande kwanza. Basi utangulize."

Kumbe nilikuwa nimefuata muda wa kupanda ulioandikwa kwenye katoni za fataki, nazo zilipanda polepole kuliko ilivyoandikwa. Hakuna pale mezani aliyeligundua kosa hilo. Uliligundua wewe, barabarani, kwa kusikiliza.

Toka siku ile kila wimbo tuliupanga pamoja. Mimi na kompyuta yangu, wewe na kayamba, chai ya tangawizi inapoa katikati yetu. Mara moja uliniamuru niache ubeti mzima bila fataki hata moja. "Waache wamsikilize anayeimba, Dama. Si lazima kila mahali uweke kitu." Nilibisha. Nikaacha. Watu walinyamaza ubeti ule wote, Mama, na moto uliporudi wakasimama. Hilo nilikwambia, nashukuru nilikwambia.

Halafu miguu yako ikaanza kuvimba, tukawa watu wa hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali. Alasiri moja wodini nilikushika mkono, nikasema, "Mama, siku ile getini..." Ukasema, "Niletee maji." Nikaenda kuleta maji. Niliporudi ulikuwa umelala, na hukuamka tena ukazungumza. Tukakuzika kwetu Kaloleni, pembeni ya bibi, na neno langu nikarudi nalo. Kwa miezi saba nimejiuliza kama ulikuwa na kiu kweli, au hukutaka kunisikia.

Basi, Jumamosi. Tulirudi hoteli ile ile kwa mara ya kwanza tangu ututoke. Mchana nilikuwa natoka getini kununua betri, Mzee Katana akaniita.

"Dama, yule jirani yenu hajambo? Siku nyingi simwoni akipita barabarani hapa."

Nikasimama juani. Nikasema, "Mzee, amefariki. Na hakuwa jirani. Alikuwa mama yangu mzazi."

Akavua kofia. Akasema pole. Kisha akasema, "Najua alikuwa mama yako, mwanangu. Mimi nimejua tangu siku ile."

Akaniambia. Sauti yangu ilitoka kwenye redio yake kwa nguvu, ukaisikia yote, neno kwa neno, umesimama na bakuli mkononi. Yeye akaona haya kukutazama. Wewe ukamwambia, "Ndiyo, tu majirani. Mtoto yule ana bidii sana. Kama kuna mahali naweza kukaa nisionekane, nataka kusikia muziki wake." Akakupa kiti chake, akakiweka nje kwenye kona ya ukuta. Anasema ulipiga mapigo kwenye paja kwa kiganja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na fataki zilipoanza ukalia.

"Nikamuuliza," akasema, "mama, mbona walia hivyo kwa mtoto wa jirani? Akanijibu, 'Nimemlea mimi.' Halafu akaniomba nisikwambie, usije ukashindwa na kazi."

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nilirudi kwenye meza ya mitambo bila betri. Mmoja wa wale wa Nairobi aliniuliza mbona macho yamekuwa mekundu. Nikamwambia. "Yule aliyeniletea chakula mwaka ule alikuwa mama yangu, nami nilimkana mbele yenu." Akavuta kiti, akakaa karibu nami, tukatazama bwawa la kuogelea la hoteli.

Usiku ule fataki zilitua juu ya ngoma, zote, hakuna iliyochelewa. Nilifika nyumbani nikasimama mlangoni kwa muda, mkoba begani. Nilikuwa nangoja uniambie nilipokosea. Hicho ndicho ninachokitamani, Mama, kuliko hata kukuona. Unikosoe. Unikatishe. Uniambie chai imezidi sukari na wimbo umezidi moto. Watu wananisifu siku hizi na sifa zao hazinishibishi, kwa sababu hakuna kati yao anayesikia unavyosikia wewe.

Nisamehe. Nafikiri ulikwisha kunisamehe pale kwenye kiti cha askari, kabla ya onyesho kwisha, na huenda ndiyo maana ukaomba maji. Lakini msamaha uliotolewa bila kuombwa bado unanidai kuuomba, kwa hiyo nauomba.

Nakuahidi hivi. Mvua zikikatika nitakuja Kaloleni nilisafishe kaburi, nikusomee barua hii kwa sauti, wakiwepo wajomba na yeyote atakayepita. Na popote nitakapofanya kazi, mtu akiniuliza nani amenifundisha, nitamtajia jina lako kamili, na kwamba ulikuwa mfua mashuka, na kwamba ulinizaa.

Pumzika, Mama. Magoti nayo yapumzike.

Ni mimi, mwanao,
Dama