Kutoka Dzaleka hadi Atlantiki kwa Maji

Dada Nsimire, salamu nyingi huko kambini Dzaleka.

Hapa Likuni kuna baridi tamu, na nsima, ule ugali wa hospitali, inashuka vizuri na samaki. Jana mjukuu wetu Sifa alikuja na kompyuta ya chuo. Anasomea jinsi plastiki inavyoelea kutoka pwani na kusambaa baharini. Kila nukta kwenye ramani yake ni chupa inayosukumwa na upepo na mikondo.

"Tupa moja ya kwetu Bukavu," nikamwambia.

"Koko, Bukavu iko na bahari?"

Mimi babu yake, mwalimu wa jiografia, ninyamaze? Nikamwonyesha njia: Kivu, Ruzizi, Tanganyika, mto Kongo, Atlantiki. Kisha tukatupa za Dzaleka, ambayo maji yake hupita Ziwa Malawi na mto Shire, pale Zambezi inapomwagikia baharini. Nyingi ziling'ang'ania Msumbiji, lakini chache zilizunguka ncha ya kusini ya Afrika.

"Koko, njo hizi hapa! Zimeingia Atlantiki!"

Dada, daktari hanifichi tena. Nilikuwa nakuitikia kwamba mnizike Bukavu ili tu usilie. Nizikeni Dzaleka, karibu na mahindi yako. Maji ya kwetu nitakutana nayo mbele, huko Atlantiki.

Narudi Ijumaa. Nipikie sombe ya majani ya muhogo, usiipunguze pilipili.

Kaka yako, Mugisho