Kwa Baba Mkwe, Mwalimu Wangu wa Nyuma ya Ukuta

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Nimefaulu! Nilitaka kuanza kwa kukujulia hali na kuulizia mvua za huko Iyunga, kama mtu mwenye adabu zake, lakini furaha haina breki. Jana hapa Iringa nimetetea tasnifu yangu ya uzamili ya theolojia, na kilichobaki ni joho tu. Ila mume wangu kaniambia umekataa kuja kwenye mahafali kwa sababu ya mila, na hilo limeniuma. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka wiki ile nilipoolewa kwenu? Mimi binti wa Kihehe, niliyekulia mjini, naambiwa kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja wala hataji jina lake. Nikacheka, nikidhani nataniwa. Kumbe! Ukikohoa tu getini, mimi huyo natimka jikoni, kisu mkononi na ndizi zimemenywa nusu. Wengi walishaacha mambo hayo, nawe ulikuwa mwinjilisti miaka mingi. Mama mkwe alipokuuliza mbona wewe umeyang'ang'ania, ulijibu, "Injili haijaniambia niache adabu."

Lakini nyumba yenu haina dari, na sauti ilivuka ukuta. Jioni moja nilikuwa jikoni nasoma Mwanzo kwa sauti, najiandaa kuhubiri kwa akina mama. Ukamwambia mama, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia:

"Hebu muulize mkwe wetu. Ibrahimu alipoondoka na mtoto kwenda kumtoa sadaka, Sara aliambiwa nini?"

Nikaugeukia ukuta. "Mama, mwambie baba Biblia haisemi."

Nawe ukamjibu mama, "Basi mwambie akatafute."

Tangu siku hiyo tulibishana kila jioni, wewe sebuleni, mimi jikoni, mpaka mama akalalamika, "Jamani, mimi siyo simu yenu!" Nilikuwa nachekea kwenye kanga. Sijawahi kukutazama usoni, baba, lakini hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kama wewe. Nilipokuja kusoma Iringa sikuhangaika kutafuta mada. Nilimwandika Sara.

Sasa sikia ya jana. Mtahini mmoja, mzee mkali, aliniuliza, "Kama Maandiko yamenyamaza juu ya Sara, wewe umepata wapi ruhusa ya kusema?" Baba, nikageuka. Nikaliacha jopo zima, nikautazama ukuta na kupaza sauti: "Mama, mwambie..."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mzee akauliza, "Unaongea na nani?" Ikabidi niwaeleze yote. Nikasema nimefundishwa na mtu nisiyemwona, na hata siku moja sikudhani kwamba hayupo. Sara naye haonekani kule mlimani, lakini mtoto anayefungwa juu ya kuni ni wake, na ukisoma bila kumfikiria umesoma nusu. Mzee akavua miwani, akaifuta. "Endelea," akasema, "hata ukitaka kwa ukuta."

Niliendelea, baba! Sijui maneno yalitoka wapi. Waliponiita ndani tena kunipa matokeo, nilipiga kigelegele mwenyewe, kwa kuwa mama hakuwepo wa kunipigia.

Sikuombi uiache mila yako. Nimekuwa mkwe wako muda wa kutosha kujua kwamba kukohoa kwako getini kulikuwa kunipa nafasi, si kunifukuza. Lakini nimeenda kuuangalia ukumbi wa mahafali. Wahitimu tunakaa mbele, tumeelekea jukwaani, na wazazi wanakaa nyuma. Njoo na mama, mtangulie kuingia, mkae mnapopenda.

Jina langu likiitwa nitapanda jukwaani bila kugeuka. Nitakuwa nimekupa mgongo kwa heshima zote. Wewe niangalie, baba. Niangalie mpaka utosheke.

Ndaga fijo, asante sana.

Mkweo