Pampu nilizozijaribu mwenyewe

Mwenzangu, pokea simu! Nimeumbuka leo, nimeumbuka!

Natoka kwa yule mama wa manunuzi wa duka la vipodozi. Si unakumbuka alisema losheni yangu ni nzuri ila makopo yamepitwa na wakati, watu siku hizi hawataki kuchovya vidole, wanataka chupa za pampu?

Basi nimempelekea ya pampu. Akabonyeza. Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya!

Nikajitia ujuzi, "Bonyeza kwa nguvu kidogo, mama, bado ni mpya." Akakandamiza kwa mikono miwili, kichwa cha pampu kikaruka, losheni ikamtapakaa kwenye miwani. MIWANI, mwenzangu!

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akafuta miwani polepole, akauliza, "Hizi pampu ulizijaribu?"

Nikasema nilizijaribu zote, moja moja.

"Kwa losheni hii?"

Nilizijaribu kwa maji. KWA MAJI! Niliionea huruma losheni, nikasema isipotee bure. Na unaijua ilivyo nzito, hata ukipindua kopo haidondoki.

"Kwa maji," nikamjibu. Akanirudishia chupa yangu, akaita anayefuata.

Sasa nimekaa chini sebuleni, chupa mia sita zimenizunguka, zote nimeshazijaza. Makopo matupu nilishawagawia majirani. Nimenawa, mikono imepauka kama nimeshika chokaa, na tangu nifike nabonyeza moja baada ya nyingine, sijapata hata tone la kujipaka.