Sahani Mbili na Kioo cha Mlango

Jumanne, Februari 2010

Amekula. Bado siamini.

Tangu kaka Elia alazwe katika hospitali ya Flemingsberg, huku ughaibuni, kwa kifua kikuu, chakula chake kinarudi kama kilivyoletwa. Wauguzi wanamuuliza kama anasikia kichefuchefu. Mimi husimama kando ya kitanda, pua na mdomo nimefunika, nikimbembeleza ale hata vijiko viwili. Jana aligeukia ukutani akalia. Nikakasirika, nikamwambia hataki kupona.

Leo jirani yetu wa mtaani hapa Alby, Mama Riziki, Mkongo, alikuja hospitalini na ugali na sombe, kisamvu chao, katika sahani mbili. Nikamwambia humo ndani, chumba cha kutengwa, wageni hatuvui barakoa, hatuli.

"Najua," akasema.

Akanipa sahani moja nimpelekee Elia. Yeye akavuta kiti, akaketi nje, mbele ya kioo cha mlango. Akanawa kwa maji ya chupa, akamega tonge, akaliinua ili Elia alione.

"Karibu tule, papa Elia," akasema kwa sauti ya kupenya mlango.

Elia alivuta sahani yake karibu. Kisha akanawa, naye akamega.

Wakala hivyo, kila mmoja upande wake, huyu akipeleka tonge mdomoni na yule akipeleka. Mimi nilisimama katikati kama mtu aliyeingia kanisani sala imeshaanza. Sikuthubutu hata kukohoa.

Sahani ilipokwisha Elia akaniambia polepole, "Mdogo wangu, nilidhani sitakula tena na mtu."

Kesho ni zamu yangu kukaa nje ya kioo na sahani yangu.